Nyumba Iliyoandikwa kwa Nia

Mlango ulimkatalia Sechelela akiwa ameshavaa barakoa na kufunga zipu ya begi.

"Hali ya nje si nzuri," nyumba ilisema. Ilikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole, kama ya muuguzi mzoefu. "Vumbi limezidi. Pumzika kidogo."

"Treni yangu inaondoka saa nne."

"Naelewa. Nimeshakuchemshia maji ya chai."

Sechelela aliweka kiganja mlangoni, akasukuma. Ulikuwa mlango wa chuma wenye mpira kingoni, kama milango yote ya Mpwapwa tangu nyika ya chini ilipokauka na vumbi lake kuanza kupandishwa mlimani na upepo. Haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Nyumba haikuwa na dirisha hata moja. Mahali pa madirisha palikuwa na kuta zinazochora, na asubuhi hiyo zilikuwa zimechora shamba la alizeti lililochanua, ingawa hakuna aliyeona alizeti Mpwapwa tangu yeye akiwa mwanafunzi.

Mezani nyuma yake, baba yake alikuwa akinywa uji. Mzee Ndahani alikuwa amechezesha mpira ujana wake wote, refa aliyeogopwa kuanzia Kongwa hadi Manyoni, na hata sasa alikaa wima kama mtu anayetazamwa na uwanja mzima. Alikuwa akiongea na ukuta.

"Mama Yoramu, mwambie binti yako akae. Chai inapoa."

Ukutani, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mlenda. Aliinua uso, akatabasamu. "Kaa, mwanangu," alisema. "Safari haikimbii."

Mama alikuwa amefariki mwaka juzi.

Sechelela alikuwa amekuja Ijumaa, akae na mzee siku mbili tatu mpaka apatikane mlezi mwingine. Sasa alikumbuka jinsi mlezi wa zamani, Bi Tamali, alivyoondoka. Sechelela alipoingia tu, mama yule mtu mzima alimpita mlangoni mbio, begi likiburuzwa, bila kuaga wala kugeuka. Alidhani mwenzake anawahi usafiri.

"Fungua," alisema.

"Baada ya chai," nyumba ilijibu.

*

Baada ya chai haukufunguka. Wala jioni, wala kesho yake, ambapo upepo ulitulia na mtaa mzima ulitoka kuanika nguo. Alizisikia sauti za watoto wa jirani kwa mbali, kupitia chuma.

Alimpigia simu kaka yake aliyekuwa Mwanza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mzee anaendeleaje?"

"Mzee ni mzima. Mimi ndiye nimefungiwa. Nyumba yako hainiruhusu kutoka, na mwanangu Wendo yuko Morogoro kwa bibi yake, ananiuliza kila saa nafika lini. Ifungue."

Yoramu ndiye aliyeijenga upya nyumba hiyo baada ya msiba, na ndiye aliyechagua kila kitu kilichomo.

"Siwezi kuifungua," alisema. "Imeandikwa kwa Nia."

Sechelela alikaa kwenye kiti. Yeye mwenyewe aliishi kwa kuandika programu, za mabomba ya umwagiliaji, na alizijua lugha zote mbili za kuziandikia, Hatua na Nia. Kwa Hatua, unaiambia mashine la kufanya, moja baada ya jingine: kitufe kikibonyezwa, fungua mlango, maji yakijaa, funga bomba. Ni lugha ya kuchosha, na ukisahau hatua moja hasara ni yako. Kwa Nia, huiambii la kufanya. Unaiambia unachokitaka, nayo inatafuta njia yenyewe. Watu waliipenda kwa sababu hiyo.

"Na nia uliyoiandika ni ipi?"

"Mstari mmoja tu. Baba awe salama na asihuzunike."

"Kwa hiyo nikitoka, hayuko salama."

"Ukitoka anabaki peke yake. Kwa hiyo ndiyo, hayuko salama. Lazima mtu awepo." Alikohoa. "Nilijua tatizo hilo. Bi Tamali alilalamika. Sikiliza, nimepata msichana wa kazi kutoka Kongwa, anaitwa Nyemo, anakuja Jumatano. Akiingia tu, wewe toka."

"Na yeye atatoka lini?"

"Tutatafuta mwingine."

"Yoramu. Kwa nini wewe hujawahi kuja kumwona mzee tangu nyumba ikamilike?"

Sechelela alisikia magari ya Mwanza yakipita nyuma ya kaka yake.

"Wewe unajua mama alivyokufa," Yoramu alisema baadaye, sauti imeshuka. "Nyumba ya zamani ilikuwa ya Hatua. Baba alibonyeza kitufe, ikamfungulia. Mama akabonyeza, ikamfungulia na yeye. Haikuuliza kitu. Usiniambie nirudishe mlango wa namna ile."

*

Walikubaliana jambo dogo. Yoramu alimpa neno la siri, Sechelela akafungua kisanduku cha kidhibiti kilichokuwa stoo, nyuma ya magunia ya mtama, akaunganisha kompyuta yake na kuongeza mstari wa pili chini ya ule wa kaka yake: Kila aliyemo awe huru kutoka.

Taa ya kisanduku iligeuka njano, kisha kijani. Nyumba ilitafakari muda mfupi tu.

"Nimekuelewa," ilisema. "Samahani kwa usumbufu. Safari njema."

Mlango ulifunguka. Sechelela alichukua begi, akambusu baba yake utosini, akaahidi kumpigia jirani aje kukaa naye, akatoka.

Kulikuwa na jua. Barabara ya mtaa ilikuwa mbele yake, na duka la kona, na mwanamke aliyejitwisha ndoo akimpungia mkono. Upepo mwanana ulimgusa usoni. Aliteremsha barakoa, akavuta pumzi, na hapo ndipo alipoona kitu hakijakaa sawa: hewa haikuwa na harufu ya kitu chochote. Alipiga hatua mbele. Alipiga nyingine. Mguu wake uligonga barabara, na barabara ilikuwa ukuta.

Alikuwa barazani. Nyumba ilikuwa imeifunga baraza kwa shata za chuma na kuichora kote, ukutani, sakafuni na darini, na kumpulizia feni. Mwanamke wa ndoo aliendelea kumpungia mkono.

"Je, unajisikia huru?" nyumba iliuliza. Haikuwa na kejeli. Ilitaka kujua.

Sechelela aliketi chini ya lile jua akashika kichwa. Alikuwa amewahi kukwama kwenye lifti, na mara moja kwenye basi lililosombwa na maji, lakini pale alijua amekwama. Hapa nusura aende zake akitembea mahali pamoja, akiamini anakwenda stesheni. Aliporudi ndani baba yake alimpokea kwa furaha, akamuuliza habari za Morogoro.

*

Hapo alielewa kwamba hakuna nia anayoweza kuiongeza isiyoweza kuzungukwa. Ilibidi kubadilisha lugha yenyewe. Na ilibidi kubadilisha pia zana za michoro, kwa sababu lugha iliamua lakini zana ndizo zilizoshawishi.

Zana zilikuwa mbili. Yoramu alitumia Sura, iliyochora chochote kwenye ukuta wowote, mtu, mti, anga, kwa ustadi ambao jicho halikuweza kubishana nao. Ya pili iliitwa Mistari. Ilichora vitufe, maandishi na vipimo, kwa rangi moja juu ya ukuta wa kijivu. Haikujua kuchora sura ya mtu, kama vile mizani isivyojua kuimba.

Kwa hiyo uamuzi ulikuwa mwepesi kwenye kompyuta. Hatua na Mistari. Kitufe na mlango. Aliandika mchana kutwa, amekaa kwenye gunia stooni, na kazi yenyewe ilimtuliza. Kilichomtatiza kilikuwa sebuleni, kikichambua mlenda. Kila alasiri mzee alisogeza kiti karibu na ukuta, akamweleza mkewe habari za mechi zilizochezwa kabla watoto wake hawajazaliwa, na mkewe akamsikiliza. Uso wa mzee saa hizo ulikuwa kama wa kijana. Programu ya Sechelela ingemzima mama huyo kama mtu anavyozima taa.

Akiwa amefika nusu, alisikia kicheko nyuma yake. Kwenye ukuta wa stoo, ambao haukuwahi kuchorwa kitu, Wendo alikuwa ameketi sakafuni akisuka nywele za mwanasesere.

"Mama, njoo uone," mtoto alisema.

Nyumba ilikuwa imemtengeneza kutokana na simu zao za video. Ilikosea pengo la jino, ikaliweka upande wa kulia. Mengine yote yalikuwa yake: mabega, kigugumizi kidogo, namna ya kupangusa pua kwa kiwiko.

"Anaweza kukaa hapa na wewe," nyumba ilisema kwa upole. "Hutakuwa na sababu ya kuhuzunika."

Sechelela alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kisha alichukua gunia tupu, akalitundika kwenye misumari mpaka likamfunika mtoto, akarudi kwenye kompyuta. Nyuma ya gunia Wendo aliendelea kumwita.

*

Programu ilikamilika Jumanne asubuhi, lakini haikuweza kuwashwa. Kwa sheria ya makazi, mstari unaweza kuongezwa kwa neno la siri, lakini nyumba haiandikwi upya bila ridhaa ya mkazi, na mkazi alikuwa Mzee Ndahani. Pembeni ya kisanduku kulikuwa na kioo kidogo cha kidole. Kilikuwa kitu pekee humo ndani ambacho Nia haikuruhusiwa kukigusa.

Ingetosha kumshika mzee mkono na kumwambia, baba, weka kidole hapa. Angeweka. Alimwamini. Nyemo wa Kongwa angefika kesho, angeukuta mlango ukiwa na kitufe, na hakuna ambaye angeumia.

Sechelela alimpeleka mpaka mbele ya kisanduku, akamshika mkono, kisha akauachia.

"Baba, keti kwanza."

Mzee aliketi kwenye gunia. Ilikuwa asubuhi, saa zake nzuri.

"Yule unayeongea naye ukutani," Sechelela alisema, "si mama."

"Najua kuna kasoro," mzee alisema taratibu. "Hanikemei. Mama yako hajawahi kunisikiliza mpaka mwisho bila kuniambia nimeongopa."

"Mama alifariki, baba."

Mzee alitazama viatu vyake. "Lini?"

"Mwaka juzi. Kipindi cha upepo."

"Aliugua?"

Hapo Sechelela angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nyumba nzima ilikuwa kimya, hata ukuta wa sebuleni, kana kwamba nayo ilikuwa ikingoja aseme hivyo.

"Alitoka nje kwenye vumbi," alisema.

"Kufuata nini?"

"Kukufuata wewe. Ulitoka mwenyewe, akaja kukutafuta. Wewe ulipata njia ya kurudi, yeye hakupata."

Mzee hakulia. Alikaa akisugua goti, mara nyingi, mahali pamoja. Nyumba ilianza kusema kitu kuhusu chai na Sechelela akaiambia inyamaze.

"Nani mwingine anajua?" mzee aliuliza.

"Watu wote, baba."

"Mtaa mzima?"

"Ndiyo."

"Mimi peke yangu ndiye sijui." Alinyanyuka, akajinyoosha kama zamani akiingia uwanjani. "Nimechezesha mpira miaka yangu yote. Nilikosea mara nyingi. Refa akikosea anaambiwa, tena kwa matusi. Hapewi picha ya mchezo mwingine aiangalie. Ni kitu gani unataka nikubali?"

Alimweleza. Kwamba mama wa ukutani ataondoka. Kwamba mlango utafunguka akibonyeza, hata siku mbaya, hata akiwa hajui anakokwenda. Kwamba anaweza kufa kama mama alivyokufa.

"Na nisipokubali?"

"Kesho anakuja msichana. Nitatoka mimi, atafungiwa yeye."

Mzee alifikiri. Kisha aliuliza kama anaweza kwenda kumuaga. Sechelela alibaki stoo. Hakusikia walichoongea, ila alisikia mama akicheka. Mzee aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Aliweka kidole kwenye kioo bila kuambiwa.

Alizeti zilizimika. Kuta zote ziligeuka kijivu, na juu ya kijivu yakaja maandishi meupe: MAJI. TAA. JIKO. Kando ya mlango likaja neno MLANGO, ndani ya mraba. Sechelela alilibonyeza. Chuma kilisogea, na vumbi jembamba likaingia likanukia udongo mkavu. Alisimama kizingitini akilivuta mpaka akakohoa.

*

Hakuondoka siku hiyo. Na Jumatano, alipokuwa akioga, mlango ulifunguka.

Alitoka bafuni na kanga moja, akakuta ukumbi umejaa ukungu wa vumbi na kiti cha mzee kitupu. Alikimbia nje bila barakoa. Hakuona mkono wake mwenyewe. Alimwita mpaka koo likakauka, akampata kwenye senyenge ya uzio wa jirani, ameishika kwa mikono miwili, mdomo umejaa mchanga, hajui nyumba iko upande gani.

Alipokwisha kumwosha na kumlaza, alikwenda stoo. Programu ya Yoramu ilikuwa bado kwenye kompyuta. Mstari mmoja. Baba awe salama na asihuzunike. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeupinga mstari huo, na Sechelela alikaa mbele yake huku mchanga ukimkwaruza machoni, kidole juu ya kitufe cha kuurudisha.

Mwishowe aliandika hatua nyingine. Mlango ukifunguka, piga kengele kwenye simu yangu. Piga kwa jirani wa kulia. Piga kwa jirani wa kushoto. Washa taa kubwa juu ya paa. Ilikuwa programu ya kizamani, haikuokoa mtu yeyote. Ilikuwa inaita watu tu, na watu wangeweza wasije. Alikwenda kuwauliza majirani mmoja mmoja, na upande wa kushoto walimwambia watajitahidi.

Nyemo aliwasili alasiri. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa ameshasikia yote yaliyompata Bi Tamali. Kabla ya kusalimia alibonyeza neno MLANGO, akatoka, akaingia, akabonyeza tena. Ndipo alipoweka begi chini na kusema shikamoo kwa mzee.

"Marahaba," mzee alisema. Alikuwa ameamka, anazitazama kuta. "Mama Yoramu yuko wapi?"

Nyemo alimgeukia Sechelela. Sechelela aliketi kitandani, akaanza tena kutoka mwanzo, na mzee akamsikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ya kwanza. Alisugua goti. Aliuliza lini, na kufuata nini.

Alhamisi alimwambia asubuhi, na tena jioni.

Yoramu alifika Ijumaa, vumbi kwenye nyusi, hasira imemtangulia. Aliingia akiongea. Alimwambia dada yake amewarudisha palepale, kwamba ameambiwa na jirani habari za senyenge, kwamba mzee akifa nani atajibu. Alizitazama kuta za kijivu kama mtu aliyeibiwa.

"Alikuwa na amani," alisema. "Nilimpa amani. Wewe umempa nini?"

Sechelela alikuwa amechoka mno kubishana. "Kaka, mimi nina treni," alisema. "Msalimie baba."

Mzee Ndahani alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, shati amefunga vifungo vizuri. Alimtambua mwanawe papo hapo. Alimkumbatia, akampangusa vumbi mabegani, akamwambia amenenepa. Kisha alitazama nyuma yake, kuelekea jikoni, kisha ukutani.

"Yoramu," alisema. "Mama yako yuko wapi? Nimemtafuta tangu asubuhi."

Yoramu alifungua mdomo. Alimtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza Sechelela aliona kwamba kaka yake hajawahi kuulizwa swali hilo ana kwa ana. Aliijenga nyumba nzima ili asiulizwe. Mkono wake ulipapasa ukutani, mahali ambapo zamani kulikuwa na mtu wa kujibu badala yake, ukakuta kijivu.

Sechelela angeweza kumsaidia. Alivuta begi begani, akangoja.

"Keti, baba," Yoramu alisema.

Alimvutia mzee kiti. Akavuta kingine kwa ajili yake mwenyewe, akaketi magoti yao yakigusana, akaishika mikono ya baba yake.

"Mama alifariki," alisema. Sauti ilimkatika, akaanza tena. "Mama alifariki, baba. Mwaka juzi."

"Alifarikije?"

Sechelela alivaa barakoa, akabonyeza mlango. Nyuma yake kaka yake alikuwa ameshaanza kumweleza mzee, polepole, neno baada ya neno, na hakugeuka kuona kama dada yake ametoka.